Kutoka Hatua Mia

Hapo juzi, wala si zamani sana, katika nchi ambayo sitaitaja kwa sababu inajijua, alikuja mgeni kutoka ng'ambo akatembezwa gerezani. Alikuwa amekwisha kuonyeshwa mbuga, bwawa na kiwanda cha vibiriti, na ratiba ilibakiwa na nusu saa. Akapitishwa uwanjani ambako wafungwa elfu moja walipangwa mistari wakimwimbia. Mgeni akawatazama kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, akamgeukia Waziri, akauliza kwa adabu kabisa, "Mbona wote ni wa rangi moja?"

Waziri akajibu kwamba hiyo ni sare. Mgeni akasema hakuwa akiulizia nguo.

Inabidi nieleze. Nchi yetu ina watu wa namna mbili. Kuna Washaba, ambao ngozi yao ni ya rangi ya sufuria ya shaba iliyosuguliwa, nao wanakaa Mlimani. Na kuna Wanyungu, ambao ngozi yao ni ya rangi ya nyungu iliyozoea moto, nao wanakaa Bondeni. Ukisimama sokoni ukahesabu watu kumi, wanane ni Washaba na wawili ni Wanyungu. Ukisimama gerezani ukahesabu kumi, tisa ni Wanyungu, na wa kumi ni Mnyungu aliyekuwa chooni ulipoanza kuhesabu.

Mimi ni Mshaba na ni mtu wa serikali, kwa hiyo sitii chumvi. Nimelitazama gereza lile kwa miaka kumi na tisa na sikuwahi kuona kwamba kuna la kuona. Lakini mgeni akishauliza, heshima ya taifa imeguswa. Kabla ndege yake haijaruka, Rais alikuwa ameunda Tume ya Kuchunguza Kama Kuna Sababu.

*

Kazi yangu ni Mtazamaji wa Serikali, Daraja la Tatu. Nchi nyingine hutumia mashahidi, na sisi tulikuwa nao zamani, ila waasisi wetu waligundua kwamba shahidi aliye karibu na tukio huharibu kesi. Huona machozi. Hutambua sura. Wakati mwingine hata humjua mtu jina. Ndipo ikapitishwa sheria kwamba mtazamaji atasimama hatua mia moja kutoka kwa mtuhumiwa, kwenye mstari wa chokaa, na atasema kwa neno moja anachokiona. Neno hilo ndilo ushahidi. Maneno mawili hayaruhusiwi, maana huleta ubishi.

Ni kazi safi. Mshaba akipita mbio, unasema, "Mwanariadha." Mnyungu akipita mbio, unasema, "Mwizi." Mshaba akisimama pembeni mwa duka, unasema, "Mteja." Mnyungu akisimama pahali hapo hapo, unasema, "Mwizi." Akikaa, unasema, "Mzururaji." Akilala, unasema, "Mlevi." Mimi nilisifiwa mara tatu kwa sauti yangu, na nilipewa mwavuli wa serikali.

Mwaka nilioajiriwa tulipelekwa kozi ya wiki sita. Aliyetufundisha kupima na kuhesabu hatua alikuwa Mwalimu Mfaume Kondo, mwalimu wa hesabu wa shule ya Bondeni. Mnyungu, lakini serikali ilikuwa haijapata Mshaba anayekubali kufundisha kwenye jua. Alitutembeza uwanjani akisema, "Hatua yako ni yako, usiibe wala usiongeze." Nilikuwa mzito wa kuhesabu. Nikifika sabini nilikuwa narudi sitini. Alinishika mkono kama mtoto tukaenda pamoja mpaka mia. Nalitaja hili kwa sababu litahitajika huko mbele.

*

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Mheshimiwa Jaji Mstaafu Profesa Bonaventura Kitundu, mtu mwenye elimu nyingi kiasi kwamba alipokuwa akitembea ilibidi wawili wamshike. Tume ilishuka Bondeni asubuhi moja, nami nikaambatana nayo kama mtaalamu.

Profesa alishangazwa na mambo matatu. La kwanza, Bondeni kuna vituo vya polisi kumi na vinne, na Mlimani kipo kimoja, chenye askari mmoja anayemwagilia maua. Akaandika: "Wanyungu wana tabia ya kuishi karibu na polisi." La pili, shule ilikuwa haina paa, hivyo jua likipanda saa nne watoto wanaachiwa waende zao, na wakishaenda zao watazamaji wa zamu wanawaona wakizurura. Akaandika: "Uzururaji huanza mapema." La tatu, kila mlango tuliogonga tulikuta bamia jikoni. Hapo alisimama kwa muda mrefu, akavua miwani.

"Bamia," alisema, na wajumbe wote sita wakaandika.

Mjumbe mmoja, kijana aliyekuwa mgeni kwenye tume, akauliza kama si vizuri pia kutazama kwa nini kiwanda cha magunia kilihamishiwa Mlimani, na kwa nini kazi iliyobaki Bondeni ni gereza tu, kiasi kwamba kila nyumba ina mtu huko, nusu kwa kufungwa na nusu kwa kuajiriwa. Profesa alimsikiliza kwa upole. "Kijana wangu," alisema, "tumetumwa kutafuta sababu. Hatukutumwa kumtafuta mtu." Kijana akaugua siku hiyo hiyo, kwa barua, na hatukumwona tena.

Kituo cha mwisho kilikuwa ua wa gereza wanakotia sare rangi. Hapo tulimkuta Bi Sikudhani, mke wa yule Mwalimu Mfaume, amejifunga kanga kiunoni, anakoroga pipa la gome la mkoko. Kwa miaka kumi na miwili yeye ndiye aliyekuwa akizitia rangi sare zote za wafungwa. Mwaka juzi aliitia rangi sare moja, akaikunja, akaipeleka dirishani, na mlinzi alipomwita aliyepangiwa, akatoka mumewe.

*

Kisa chenyewe ni cha paa. Mwaka juzi, mchana kweupe, mabati yote ya shule ya Bondeni yaling'olewa, yakapakiwa kwenye malori matatu yenye jina la Bwana Gaspari Lwanda ubavuni, yakapanda Mlimani, yakaezekwa juu ya mazizi ya farasi wake. Polisi wa vituo kumi na vinne waliyasindikiza wakidhani ni msafara wa kiongozi. Siku ya tatu akakamatwa Mwalimu Mfaume, kwa kosa la kukutwa chini ya mahali ambapo paa halipo.

Mtazamaji aliyeitwa nilikuwa mimi. Nilisimama kwenye chokaa, nikaona Mnyungu kando ya ukuta usio na paa, nikasema, "Mwizi."

Bwana Gaspari ni muungwana. Aliposikia kuna kesi alikwenda mahakamani mwenyewe, na hakimu akasimama kumpokea.

"Nimesikia mnasumbuka," alisema Bwana Gaspari. "Yale mabati nilichukua mimi. Farasi walikuwa wanalowa."

Hakimu alimshukuru kwa ukweli wake. Akasema mahakama haina budi kumfunga, kwa kuwa sheria haimwangalii mtu usoni, isipokuwa kuna tatizo dogo la nguo. Sare ya gereza hutiwa gome la mkoko, na gome la mkoko hutoa rangi ya shaba. Mnyungu akiivaa anaonekana kutoka mbali, hata akitoroka. Mshaba akiivaa, nguo na ngozi vinakuwa kitu kimoja, na kutoka hatua mia huonekana yuko uchi. Sheria ya Staha inakataza raia kuonekana uchi. Kwa hiyo, kwa kulinda maadili ya wake na mabinti zetu, hakuna Mshaba aliyepata kufungwa tangu uhuru.

"Hata hivyo kosa lipo," hakimu aliendelea, "na sare imekwisha kutolewa stoo. Kanuni inasema kosa moja, sare moja, mtu mmoja. Siku Bwana Gaspari atakapopata sare inayomfaa, mahakama hii itamwachia mshtakiwa Mfaume saa ile ile. Kwa sasa, miaka saba."

Watu wote walicheka kidogo, kwa sababu hakimu alikuwa na namna nzuri ya kusema. Bi Sikudhani, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakucheka. Alikuwa amesikia neno "siku".

*

Sasa Profesa alikuwa mbele ya pipa la Bi Sikudhani, ameziba pua kwa leso.

"Mheshimiwa, shikamoo," alisema Bi Sikudhani. "Nina swali."

"Uliza, mama. Tume ni ya wananchi."

"Nikipata rangi nyingine, ambayo Mshaba akivaa anaonekana, Bwana Gaspari atafungwa?"

Profesa akatabasamu kuelekea kwa wajumbe wake. "Mama, usisikilize maneno ya mitaani. Sheria yetu haina ubaguzi hata chembe. Kilichokosekana miaka yote hii ni nguo."

"Na mume wangu atatoka?"

"Kosa moja, sare moja, mtu mmoja."

"Basi nguo nitaileta mimi."

"Ikionekana kutoka hatua mia," alisema Profesa, "sitakuwa na kipingamizi." Alilisema hilo mbele ya katibu, na katibu, kwa bahati mbaya, alikuwa anaandika.

Bi Sikudhani alichuma majani ya mnili makaburini, kwa sababu ndiko pekee yanakoota. Akayaloweka, akayapiga, akayachuja, akachovya sare moja, suruali na shati, mara tisa kwa siku tisa. Alipoileta ilikuwa ya buluu iliyoiva, na mikono yake ilikuwa buluu mpaka kwenye viwiko. Mlinzi wa mlangoni alimtilia shaka, akaniita nimtazame. Nilisimama kwenye chokaa nikasema, "Mfanyakazi." Nililipenda neno hilo. Niliona kama nimemfanyia hisani, na siku nzima nilikuwa na furaha ya kijinga.

*

Jaribio lilifanyika Jumanne uwanjani mwa gereza. Viti vilipangwa kivulini, bendi ya magereza ikapiga, Profesa akahutubia kwa dakika arobaini juu ya nchi yetu kuwa ya kwanza duniani kutafuta ukweli kwa kutumia shati. Bwana Gaspari alifika na mkewe, amevaa suti ya rangi ya maziwa. Alisema yuko tayari kwa lolote litakalolijenga taifa.

Mwalimu Mfaume aliletwa akasimamishwa kando ya ukuta, maana kama jaribio likifaulu angetoka papo hapo. Alikuwa amejiandaa. Alikuwa na mfuko mdogo wa kitambaa, na ndani yake, niliambiwa baadaye, mlikuwa na kijiko, mswaki na daftari. Alikuwa amenyoa. Alikuwa amemwomba mlinzi sindano akashona kifungo cha sare yake, ili airudishe serikalini ikiwa kamili. Bi Sikudhani alisimama upande wa pili wa uwanja, karibu na mstari wetu, hamwangalii yeyote ila mumewe.

Watazamaji tulikuwa watatu: Bi Redempta wa Daraja la Kwanza, Bwana Anatoli wa Daraja la Pili, na mimi. Bwana Gaspari akaingia chumbani, akabadili nguo, akatoka na sare ya buluu. Alionekana. Hakuna aliyeweza kukataa kwamba alionekana. Kila mshono ulionekana.

"Mtazamaji wa kwanza," aliita katibu. "Unaona nini?"

"Rubani," alisema Bi Redempta.

"Mtazamaji wa pili?"

"Balozi," alisema Bwana Anatoli.

Nikabaki mimi. Nilitaka kusema "mfungwa". Nakumbuka kabisa nilitaka, na nilikwisha kufungua mdomo. Lakini nilivyomtazama Bwana Gaspari amesimama pale, mikono nyuma, kidevu juu, buluu ile ikimkaa vizuri mabegani, mdomo ulisema wenyewe.

"Waziri."

Waziri wa kweli, aliyekuwa kivulini, alijiangalia nguo zake kwa huzuni.

Profesa alisimama. Alisema kwa masikitiko makubwa kwamba jaribio limeshindwa. Nguo inaonekana, ndiyo, lakini aliye ndani yake haonekani kuwa mfungwa, na serikali haiwezi kumfunga mtu ambaye wananchi watampigia saluti. Akaagiza chai.

Mwalimu Mfaume aliuweka mfuko wake chini, taratibu, karibu na mguu.

"Mheshimiwa," aliita Bi Sikudhani. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mlisema kinachokosekana ni nguo. Haya, kama ni nguo, mvisheni mume wangu nguo za Bwana Gaspari, mtazame tena. Kama ataonekana bwana, basi aliyefungwa ni sare, si yeye, na mwachieni."

Wajumbe walinong'onezana. Profesa alikubali mara moja, kwa sababu alipenda sayansi. Bwana Gaspari naye akasema haya, achukue, zimetundikwa chumbani, na viatu pia.

Mwalimu Mfaume aliingia, akakawia kidogo, akatoka. Suti ilimkaa kama aliyeshonewa. Tai aliifunga vizuri kuliko mwenyewe. Alitembea hadi katikati ya uwanja namna anavyoingia darasani mwalimu anayejua watoto wamefanya fujo na amekwisha kuwasamehe. Akasimama, akatugeukia.

"Mtoro," alisema Bi Redempta.

"Mfungwa," alisema Bwana Anatoli.

Huyu ni mtu aliyenishika mkono tukahesabu mpaka mia. Nilikuwa najua ni yeye. Jina lake lilikuwa limetangazwa kwa kipaza sauti muda ule ule. Katibu akaniuliza ninaona nini. Miaka kumi na tisa ya kazi ikanijia mdomoni kabla yangu.

"Mwizi," nilisema.

Nimekwambia sauti yangu ilisifiwa. Ilifika hadi ukutani ikarudi.

Kwa kuwa neno la mtazamaji ni ushahidi, ilibidi hakimu, aliyekuwa amealikwa kunywa chai, aulize kilichoibwa ni nini. Wakatazama, wakaona suti.

"Lakini nimempa mwenyewe," alisema Bwana Gaspari, amejisahau.

"Mheshimiwa, usijisumbue," alimjibu hakimu. "Wewe hukuwa kwenye chokaa."

Ikaongezwa miaka mitatu, ikawa kumi.

*

Ripoti ya Tume ina kurasa mia nane na jalada gumu. Muhtasari wake unasema yafuatayo: imethibitishwa kisayansi kwamba tatizo si nguo, kwa kuwa Mnyungu ni mfungwa hata akivaa suti, hivyo gereza halibagui, linatambua tu. Ripoti inapendekeza bamia ipunguzwe. Inapendekeza umbali wa kutazama uongezwe kutoka hatua mia hadi mia mbili, ili haki itendeke kwa utulivu zaidi. Inapendekeza kituo cha kumi na tano cha polisi kijengwe Bondeni, na kwa kubana matumizi kiwekwe ndani ya kuta za ile shule, ambazo kwa ajili hiyo zitapewa paa. Na inapendekeza mgeni mwingine akija aonyeshwe kiwanda cha vibiriti mara mbili.

Sare ya buluu aliondoka nayo Bwana Gaspari. Aliivaa siku alipokuja kufungua kituo hicho, na magazeti yote yaliandika jinsi ilivyompendeza.

Jambo moja halimo kwenye ripoti. Siku ya jaribio, viti vilipokuwa vinaondolewa, Bi Sikudhani alinijia pale kwenye mstari. Nilidhani atanitukana. Ningefurahi kama angenitukana.

"Kaka," alisema, "ulimwona nani?"

"Dada, nimesema nilichokiona."

"Umesema, nimesikia. Nakuuliza ulimwona nani."

Nikamweleza kwamba kwa kanuni ya tatu, mtazamaji haulizwi "nani", anaulizwa "nini". Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Njoo karibu umtazame." Akanishika mkono kwa ule mkono wake wa buluu, akanivusha chokaa.

Nilihesabu, maana ndivyo nilivyofundishwa. Ishirini. Arobaini. Kwenye hatua ya sitini nikamwona. Walikuwa wamemvua suti na kumrudishia sare, na yeye alikuwa ameinama juu ya kiti, anaikunja suruali ya Bwana Gaspari akifuata mkunjo wa pasi, anaipangusa vumbi, anaiweka juu ya koti, viatu chini pamoja, soksi ndani ya viatu. Alifanya hivyo kwa uangalifu wote wa mtu anayerudisha kitu cha watu. Ule mfuko wake ulikuwa bado pale ukutani. Kwenye sabini aliinua macho, akaona natembea, akaona midomo yangu inahesabu.

"Sabini na moja," aliniambia. "Usirudi sitini."

Nikarudi. Niliuchomoa mkono wangu kwa Bi Sikudhani, nikageuka, nikarudi hatua zote hadi kwenye chokaa, kwa sababu mtazamaji akionekana ndani ya mstari anapoteza daraja. Nilipofika nilikuwa na kinyaa cha kweli, si cha Tume wala cha Bwana Gaspari. Kilikuwa cha mdomo wangu, kana kwamba nimeamka nikakuta humo kitu kilichooza na nimelala nacho miaka kumi na tisa. Kwenye kiganja changu kulikuwa na alama ya vidole vitano vya buluu, na hata leo sabuni haijaiondoa.

Nilitema mate chini. Kwa aliyekuwa akitazama kutoka hatua mia, aliyeonekana ni afisa wa serikali anayesafisha koo.